Nilimfungia Fundi Stoo kwa Sababu Aliiga Mwendo Wangu

Naanza na kosa lenyewe ili msije mkachoka njiani. Nilimfungia mtu mzima stoo, mchana kweupe, kwa sababu aliiga mwendo wangu watu wakacheka. Mwendo tu, jamani! Hakuiba, hakumpiga mtu, hakuvunja kitu. Alitembea kama mimi, basi.

Jina langu silitaji. Watu wa kwetu wakisoma hapa watanijua kufikia mstari wa tatu, na wanijue tu, wao nilishawaambia kwa mdomo wangu. Nawaandikia ninyi msionijua, kwa sababu nadhani kati yenu wamo wenzangu wengi, watu wa vyeo vidogo na vichwa vikubwa.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mkulima wa mahindi na maharage huku upande wa Rhotia, mama wa watoto wanne, na kwenye kwaya ya kanisa nasimama sauti ya pili. Nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Kwa asiyejua, kwenye ngazi ya uongozi mwenyekiti wa kitongoji ndiye wa mwisho kabisa. Chini yake wanakuja kuku. Kazi yake ni kuitisha mikutano, kusuluhisha watu wanaogombania mipaka ya mashamba, na kumsindikiza mgeni kwa mtendaji wa kijiji. Hata kiti cha kukalia huna, unaazima.

Lakini mimi! Siku niliyochaguliwa nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu asiniite tena kwa jina mbele za watu.

"Sasa nikuite nani?" akauliza.

"Mwenyekiti."

Akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe. Hakunijibu mpaka leo.

Nikanunua mkoba mkubwa mweusi, nikawa nauning'iniza kwenye kiwiko kama nilivyowaona wakubwa wanaokuja na magari. Nikaacha kutembea haraka. Nikawa natembea taratibu, kifua mbele, shingo imekazwa, kama bata aliyemeza kijiko. Na mkutanoni nilikuwa na msemo wangu. Nilikuwa nasema jambo, halafu nanyamaza, nawaangalia wananchi, nauliza, "Mimi nasemaje?" Wakinyamaza narudia mpaka waitikie. Najisikia aibu kuandika haya, lakini ngoja, hamjafika kwenye aibu yenyewe.

Kitongojini kwetu kuna fundi wa nguo. Nitamwita Boay, si jina lake, ila Boay kwetu ni wengi. Ana miaka kama hamsini na nane, mwembamba, na cherehani yake iko barazani kwa duka la chumvi na sabuni. Anashona sare za shule, magauni ya kwaya, na suruali za mgambo. Ila kipaji chake kikubwa ni kuiga watu. Akimwiga mchungaji, mchungaji mwenyewe anashika mbavu. Akimwiga mwongozaji wa watalii anayewaonyesha wazungu tembo ambaye kumbe ni jiwe, utalia machozi. Hajawahi kumtaja mtu jina. Anatembea tu, anafungua mdomo, na wewe unajua ni nani.

Jumapili moja kulikuwa na sherehe ya kipaimara kwa jirani yetu. Mimi nilikula, nikatoa nasaha ndefu ambazo hakuna aliyeniomba, nikaondoka mapema kwa sababu wakubwa huwa wanaondoka mapema. Kumbe nilipogeuza mgongo tu, fundi Boay akaombwa achangamshe.

Asubuhi ya Jumatatu nafungua simu yangu, nakuta video kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji. Nilikuwa admini wa kundi, kwa hiyo ilinifikia bila kona. Kijana fulani alikusudia kuituma kwa rafiki yake, kidole kikateleza.

Kwenye video Boay amejifunga kitenge kichwani, kikapu cha vitunguu kakitundika kwenye kiwiko. Anakuja taratibu. Kifua mbele. Bata, kijiko. Watu hawajaambiwa ni nani, wanaanguka mmoja mmoja. Anafika mbele, anajifanya kuona gari la mkubwa kutoka wilayani: anainama, anainama zaidi, anainama mpaka kitenge kinadondoka. Gari linaondoka. Anageuka kwa wananchi, uso umekunjamana kama limau, anasema, "Bomba letu la maji linafanya kazi vizuri sana. Kila asubuhi linakohoa. Mgonjwa anayekohoa hajafa. Mimi nasemaje?"

Na umati mzima, na sauti ya mume wangu nikaitambua humo ndani, ukaitikia kwa kelele.

Niwaambie ukweli: kilichoniuma ni lile bomba. Lilikuwa na miezi linatoa upepo, na mimi wilayani nilishasema maji yanatoka. Nilisema vile kwa sababu mkubwa alikuwa anatabasamu, na sikutaka aache kutabasamu.

Lakini wakati ule sikujiambia hivyo. Nilijiambia kwamba uongozi umedhalilishwa. Mimi, uongozi!

Siku hiyo mtendaji wa kijiji, binti mdogo msomi anayefuata taratibu zake kwa makaratasi, alikuwa Karatu wilayani kikaoni, na funguo za ofisi aliniachia mimi. Hapo ndipo alipokosea. Mtu mwenye hali kama yangu hapewi funguo. Nikamwita mgambo wetu, nimwite Dionis, nikamwambia akamlete fundi.

Dionis akaenda. Akarudi peke yake.

"Yuko wapi?"

"Anasema nisubiri kidogo, mwenyekiti."

"Asubiriwe? Anafanya nini?"

Dionis akaangalia viatu vyake. "Anamalizia kukunja pindo la suruali yangu. Anasema nikimkamata kabla hajamaliza, nitashindaje kazini na mguu mmoja mrefu."

Na kweli, saa tano kasoro wakaja wote wawili, mgambo amevaa suruali mpya iliyomkaa vizuri, mhalifu anatembea nyuma akimwangalia pindo kama linanyooka.

"Kaka Boay," nikasema, "utakaa ndani mpaka nitakaposema."

"Kwa kosa gani, mwenyekiti?"

"La kunidhalilisha."

"Hilo liko kwenye kitabu gani?"

Nikagonga kichwa changu kwa kidole. "Kiko humu."

Nilijivunia jibu hilo siku nzima! Nililirudia moyoni kama wimbo. Kitabu cha sheria kiko kichwani kwa mama muuza maharage. Nikamnyang'anya simu yake, nikamwambia ni ushahidi, ingawa video hakupiga yeye na simu yenyewe ilikuwa ya tochi, isiyojua hata video ni nini. Imefungwa kwa raba isifunguke. Nikaitia mkobani. Nikamsukumia stoo, kati ya viti vibovu vya plastiki, magunia matupu ya mbegu na panya wa serikali ya kijiji, nikafunga kufuli.

Nilidhani kitongoji kitatetemeka. Haikupita nusu saa, dirisha la stoo likawa duka.

"Fundi, gauni langu la Jumamosi?" mama mmoja akauliza kwa nje.

"Liko kwenye mfuko wa bluu, ila halitoki. Nalo limekamatwa."

"Kwa kosa gani?"

"Lina mikunjo mingi kuliko inayoruhusiwa."

Wakacheka. Nikatoka kuwafukuza. Nikarudi ndani, wakaja wengine. Mwanafunzi akaleta kaptura. Mzee mmoja akapitisha muhogo wa kuchoma kati ya nondo. Nikatoka tena, mbio mbio, nikiwa nimesahau kutembea kikubwa, na nyuma ya dirisha nikamsikia Boay anasema taratibu, "Ona, leo katembea kama zamani. Anapendeza."

Hasira niliyoipata hapo sijawahi kuipata tena. Nikamwamuru Dionis asimame dirishani na asimruhusu mtu hata kukohoa.

Kukawa kimya. Nikarudi kwenye meza ya mtendaji, nikajimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake.

Ndipo simu ya Boay ikalia mkobani mwangu.

Nikaitoa. Kwenye kioo imeandikwa DADA MANG'OLA. Kila mtu kwetu anamjua dada yake Boay. Aliolewa huko Mang'ola kwa mkulima wa vitunguu, na ndiye anayekaa na mama yao, bibi wa miaka tisini na kitu, ambaye alikuwa mgonjwa tangu mvua za vuli. Nilijua. Naomba mnielewe hapo, nilijua yote hayo nikiwa nimeishika ile simu.

Ikalia mpaka ikakatika.

Ikalia tena. Nikaiweka mezani, nikawa naiangalia inavyotetemeka kuelekea kwenye kikombe. Nilijiambia: nikimpa simu, nimeshindwa. Atasema hata mfungwa wangu anapokea simu. Ikakatika.

Ilipolia mara ya tatu nikabonyeza kitufe, nikakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Halafu nikanywa chai yangu.

Stoo ilikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokaa.

Mtendaji alirudi kama saa kumi. Hata pikipiki iliyomleta haijazimwa, watu walishamwambia. Akaingia, akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kuna mtu stoo?"

"Fundi Boay. Kanidhalilisha."

"Kakufanyaje?"

Nikamwonyesha video. Akaitazama hadi mwisho. Nikaona mdomo wake unapigana na meno yake. Akanirudishia simu, akasema, "Mama, kumwiga mtu si kosa. Na hata lingekuwa kosa, wewe huna mamlaka ya kumfungia mtu. Mimi mwenyewe siwezi kumweka mtu stoo kama gunia. Naomba funguo."

Akafungua. Boay alikuwa amekaa kwenye gunia, miguu kanyoosha.

"Baba, samahani sana. Toka, uende nyumbani."

"Sitoki," akasema Boay.

"Mlango uko wazi, baba."

"Nauona, mwanangu. Ila nataka karatasi. Niandikiwe niliingia humu kwa kosa gani, na natoka kwa sababu gani. Nikitoka hivihivi, kesho nitarudishwa hivihivi. Leo mimi, kesho huyu mama wa gauni."

Mimi nikadakia, "Huyu naye! Anafunguliwa halafu anagoma!" Hakuna aliyecheka. Mtendaji akakaa mezani pake, akaandika mistari minne kwa mkono, akagonga muhuri. Boay akaisoma mara mbili, midomo ikitembea. Akaikunja, akaitia mfuko wa koti. Akasimama, akajipangusa makalio, akaninyooshea mkono.

"Simu yangu."

Nikampa. Akaiona imezimwa.

"Ilijizima," nikasema kabla hajauliza. "Ilikuwa kwenye droo, mimi nilikuwa nje na hao watu wako. Sikuisikia."

Hakuwa na sababu ya kubisha. Ile simu ilikuwa na tabia ya kujizima. Akaiwasha pale pale barazani, akaona amepigiwa mara mbili na dada yake, akapiga. Tulikuwa tumesimama watu kama kumi na tano.

Akasikiliza. Akakaa kwenye ngazi. Akasema neno moja, "Saa ngapi?" Akasikiliza tena muda mrefu. Mwishoni akasema, "Alitaka kuniambia nini?" Simu ikabaki sikioni ingawa dada yake alishakata.

Mama yake alikuwa amefariki saa tisa. Baadaye ndiyo tulijua: alikuwa na wiki mbili hasemi, hajui watu. Siku hiyo asubuhi akaamka na akili zake zote, akaomba uji, akauliza mahindi ya Rhotia yamefika wapi, akasema, "Nipigieni Boay." Wakapiga. Akaishika simu mwenyewe sikioni, akasubiri. Wakapiga tena. Akachoka, akalala, basi.

Mimi nilifanya nini? Nilikwenda nyumbani nikaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Uongozi wa kitongoji unaungana na fundi wetu katika kipindi hiki kigumu." Kuungana! Watu wakaweka alama za mikono iliyounganishwa. Kesho yake Boay akapanda lori lililokuwa linarudi tupu Mang'ola kuchukua vitunguu, akaenda kuzika.

Sikumwambia mtu kuhusu simu. Hata mume wangu. Niliisema ile habari ya droo mara nyingi hadi nikaanza kuiona droo yenyewe.

Miezi mitatu ikapita. Boay alirudi, akashona. Hakuiga mtu tena. Na kitongoji nacho kikabadilika, ila mimi kwa upumbavu wangu nikapenda. Mkutano uliokuwa unachukua masaa matatu sasa unaisha dakika ishirini. Nikiuliza nani anapinga, hakuna. Nani ana swali, hakuna. Kwenye kundi nikiandika jambo, nawekewa madole gumba kumi na saba, kimya. Nikipita kwenye duka, mazungumzo yanakatika kama redio iliyoishiwa betri, halafu, "Shikamoo mwenyekiti!" Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Nidhamu imerudi." Akasema, "Eeh." Hata yeye!

Siku moja nikaitwa Karatu kwenye semina ya wenyeviti. Nikavaa sketi yangu nyeusi iliyobana na blauzi nyeupe iliyochomekewa. Mume alishakwenda shamba, watoto shule. Nikatoka taratibu, na mkoba. Nikapita kwa wanaopeleka maziwa, nikawasalimia wote. Nikapita kanisani, kina mama walikuwa wanafagia. Nikapita dukani. Dionis mgambo, aliyenifuata tangu kanisani, akanisindikiza hadi barabarani, akitembea nyuma yangu kwa heshima. Nikapanda bodaboda mpaka Karatu.

Ilikuwa siku ya mnada, watu wengi. Nimeshuka, natembea kikubwa, nasikia mkono unanigusa bega. Nageuka, mama wa Kimaasai, mtu mzima, ana shanga mkononi anauza.

"Mama, simama," akasema. "Nguo yako huku nyuma iko wazi. Zipu yote. Chupi inaonekana, ya maua."

Nikapeleka mkono. Jamani! Kuanzia kiunoni mpaka chini, wazi kabisa!

Akanizungushia shuka lake, akanisimamisha kwenye ukuta wa duka, akahangaika na ile zipu mpaka ikapanda. Aliniambia ametoka kijiji cha Arash kumleta mjukuu hospitali, anauza shanga apate nauli. Nikanunua mkufu. Nikamwuliza, nusu nalia, "Mbona watu wa kwetu hawakuniambia? Nimepita kitongoji kizima!"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto. "Labda wanakuogopa. Mimi sikujui."

Semina sikuhudhuria. Nikarudi na bodaboda ya kwanza, nikamkuta Dionis ofisini.

"Asubuhi uliniona nyuma?"

"Niliona, mwenyekiti."

"Uliona tangu wapi?"

"Tangu kanisani. Kina mama walinionyesha kwa macho."

"Na hukusema!"

"Ningesemaje, mwenyekiti? Kusema nimeona chupi yako si kukudhalilisha? Mimi niliogopa stoo."

Nilicheka. Naapa nilicheka, mpaka nikakaa chini. Halafu katikati ya kicheko ikaja picha ya bibi wa watu ameshika simu sikioni, anasubiri, na kicheko kikageuka kilio cha ovyo, kamasi na kila kitu. Dionis maskini hakujua achague lipi, akaniletea maji.

Nilikwenda kwa Boay jioni ile ile. Alikuwa anashona kola. Nikamwambia, "Kaka Boay, siku ile simu yako haikuwa kwenye droo. Niliisikia."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Ililia mara ngapi?"

"Tatu. Ya tatu niliizima mimi."

"Jina uliliona?"

"Niliona."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kudanganya hata hapo. "Nilikuwa nakunywa chai."

"Chai," akasema. Akaitoa ile kola kwenye sindano, akaikata uzi, akaiweka pembeni vizuri, kama mtu anayeogopa mikono yake. Watu wawili walikuja kuchukua nguo, wakatuangalia, wakaondoka.

Kisha akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama alivyokuwa ananiita zamani, kabla ya mkoba. "Mama fulani, nisikilize. La mama yangu ni langu na lako. Leo sina la kukuambia, na usije kunidai kesho wala kesho kutwa. Lakini la stoo si langu peke yangu. Uliwafungia wote. Mimi nilitoka saa kumi, wao bado wamo. Nenda kawaambie."

Nikaitisha mkutano. Nikasimama bila mkoba, nikasema yote: bomba, video, kufuli, simu, chai. Mume wangu alikuwa amekaa mbele, akainamisha kichwa. Sikumaliza na swali langu lile la zamani.

Bibi mmoja akanyoosha mkono nyuma. "Kwa hiyo sasa tumeruhusiwa kusema?"

"Bibi, mlikuwa mmeruhusiwa siku zote. Sikuwa na mamlaka ya kuwakataza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi wewe ni mshenzi," akasema bibi, akakaa.

Ilikuwa kama mlango umepigwa teke. Walisema saa nne nzima! Nilisemwa mimi, ikasemwa kamati ya maji, akasemwa Dionis kwa kukubali kutumwa kama mbwa, mtendaji naye akasemwa kwa kuacha funguo ovyo, akainuka akakiri. Mama mmoja akasema bomba limepasuka kwenye kona ya shule, kila mtu anajua, na hawakuniambia kwa sababu nilishatangaza kwamba linafanya kazi. Wengine walisema nisamehewe niendelee. Boay alikuwa amekaa kwenye tofali pembeni. Akasema sentensi moja tu, "Nataka iandikwe kwamba hakuna mtu kufungiwa ile stoo tena, na sisemi kwa ajili yangu." Ikaandikwa. Mimi nikajiuzulu pale pale, na barua nikapeleka kesho yake. Hakuna aliyenisukuma. Nilijijua: kile cheo nilikipenda kama mlevi anavyopenda chupa.

Sasa nalima. Bomba linatoa maji siku tatu kwa wiki, na siku nyingine zote watu wanamsema mwenyekiti mpya usoni, na yeye anakasirika, na wanaendelea tu. Kwenye kwaya walinisimamisha kwa muda, sasa wamenirudisha, ila nimewekwa nyuma. Boay ananishonea, tunasalimiana, anaulizia watoto. Kuhusu mama yake hajawahi kufungua mdomo, na kila akiinua macho kwenye cherehani nadhani leo atasema. Hasemi. Huo ndio mzigo wangu, na siwaombi mnisaidie kuubeba.

Wewe mwenye cheo unayesoma hapa, hata kama ni cheo cha kushika funguo za choo cha stendi: watu wakinyamaza ukipita, usifurahi kama nilivyofurahi mimi. Jiulize umewafanyia nini. Na wewe usiye na cheo, ukiambiwa umekosa, uliza kosa lenyewe ni lipi, na udai liandikwe, hata kama mlango umeshafunguliwa na watu wanakuona mkorofi. Usitoke kwa kufurahi tu kwamba umetoka. Na kama ni mwenzio ndiye aliyefungiwa, usiishie kumpitishia muhogo dirishani kama tulivyozoea. Gonga mlango, uliza kwa sauti. Siku ile wangeniuliza watu watano tu wakiwa wamesimama pamoja, ningefungua. Nilikuwa mwoga kuliko wote mle ndani.

Basi, nimesema. Mnaotaka kunitukana nitukaneni, mnaotaka kunicheka nichekeni. Hamhitaji ruhusa yangu.